Kirby: mchezo mwepesi, wapenzi wenye moyo mzito

Kuko vitu watu wanapenda pasipo kuona haya, na kuko vingine wanapenda huku wanageuza shingo kuangalia kama nani anawaona. Kirby iko kati ya hivi vya pili. Wandugu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliomaliza, leo nataka tuongee historia ya huu mchezo wa video wa Japani, juu ndani yake kuko neno moja linalotuhusu sisi tuliosoma: kitu kilichofanywa kwa ajili ya wanaoanza, kinabaki cha nani wakati wale wa kwanza wamekwisha kuwa mafundi?

Kwa yule asiyemjua: Kirby ni kibonge cha duara, cha rangi ya waridi, chenye kimo cha sentimita 20 tu. Hana shingo, hana vidole. Anaruka, anapanda, anajijaza hewa na kupaa, anafungua kinywa na kuvuta maadui kama upepo unavyovuta majani. Anatoka ulimwengu wa nyota, njo maana kule Japani wanamwita Kirby wa nyota. Tangu 1992 hadi leo hajaacha kutoka, konsole kwa konsole. Na tangu karibu siku hizo hizo, wanaompenda hawajaacha kumlalamikia.

Wanasema nini? Kwanza, mchezo ni mwepesi mno. Pili, unarudia: bosi wa kwanza ni ule ule mti wenye macho, Whispy Woods, na njiani lazima umkute Mfalme Dedede. Tatu, unaisha haraka. Halafu wale wale wanaosema hivyo, siku mpya inapotoka, wako mstari wa mbele kununua. Mimi nilimjua nikiwa tayari iniversite, kwenye konsole DS ya okaziyo, na marafiki walinicheka: mtu wa miaka yako, na huyo mpira wa waridi! Nilicheka nao, lakini sikuzima. Tangu ile siku ninajiuliza hayo mapenzi yaliyochanganyika na manung'uniko yalitoka wapi. Jibu liko kwenye historia.

Mwanzo wake

Katika miaka ya 1980 kulikuwa huko Japani sosiete ndogo ya kutengeneza programu, HAL Laboratory, iliyoanzishwa 1980. Jina lenyewe lilikuwa mchezo wa vijana: ukichukua herufi za IBM ukarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi, unapata HAL. Kijana mmoja aitwaye Masahiro Sakurai aliingia kazi pale, na alikuwa na miaka 19 alipoanza kuwaza mchezo ambao mtu yeyote anaweza kuumaliza. Tukumbuke wakati ule michezo mingi ilikuwa mikali. Unaanguka mara tatu, unarudi mwanzo kabisa. Waliozoea walifurahi, lakini yule aliyeshika konsole kwa mara ya kwanza aliirudisha mezani baada ya dakika kumi. Sakurai alitaka kumfungulia mlango huyo aliyerudisha konsole mezani.

Hata sura ya Kirby ilitoka kwenye haraka ya kazi. Sakurai alichora kale ka duara ili kashike nafasi tu, mpaka shujaa wa kweli achorwe. Kadiri kazi ilivyoendelea, wakakapenda, shujaa mwingine hakuja. Mara ya kwanza kaliitwa Popopo. Jina la Kirby lilikuja baadaye, na Shigeru Miyamoto wa Nintendo amekwisha kueleza kwamba sababu moja ilikuwa kumkumbuka John Kirby, avoka wa Marekani. Huyo alitetea Nintendo wakati Universal ilipoishtaki 1982 ikisema Donkey Kong ameibwa kutoka King Kong. Avoka akaonyesha kwamba Universal yenyewe, zamani kidogo, ilisimama mbele ya mahakama ikasema hadithi ya King Kong ni ya watu wote. Kesi ikaanguka. Kwa hiyo mtoto mpole kuliko wote wa Nintendo amebeba jina la mtu wa mapambano.

Kirby's Dream Land ilitoka Japani mwezi wa 4, 1992, kwenye Game Boy. Ilikuwa na sehemu tano tu. Hadithi ni ya tumbo: Mfalme Dedede ameiba chakula cha watu, nenda ukakirudishe. Mtoto anaweza kuimaliza kwa alasiri moja. Nakala zaidi ya milioni 5 ziliuzwa.

Lakini angalieni jambo moja wengi wanalosahau. Ndani ya ile kasete ndogo kulikuwa na mlango wa nyuma. Ukifika mwisho, mchezo unakufundisha namna ya kubonyeza vitufe fulani pamoja kwenye ukurasa wa kwanza, na unapata mchezo ule ule ukiwa mkali sana, maadui wana mwendo mwingine, kugongwa kidogo tu ni hasara kubwa. Maana yake, tangu siku ya kwanza Sakurai alijua kuna watu wa aina mbili. Aliwapa wote wawili nyumba moja, lakini mlango wa mbele ni wa mgeni, fundi anapita nyuma. Karibu ugomvi wote uliofuata ni juu ya hizo mlango mbili.

Kwa upande wa feza, HAL ilikuwa inazama. Ilipofika 1992 ilikuwa na madeni makubwa, yanasemwa kuwa yeni bilioni 1.5. Patro wa Nintendo, Hiroshi Yamauchi, alikubali kuiokoa kwa sharti moja: fundi wao Satoru Iwata ashike uongozi. Iwata akawa mkubwa wa HAL 1993, akiwa na miaka 33. Miaka kama sita hivi baadaye deni lilikuwa limelipwa, na Kirby alikuwa moja ya nguzo za ile kazi. Huyo huyo Iwata akawa mkubwa wa Nintendo yote 2002, mpaka kifo chake 2015. Kwa hiyo tunaposema mchezo wa watoto, tusisahau kwamba kuna mishahara ya watu wakubwa ilisimama juu ya mgongo wa huyu mdogo.

Kunakili uwezo

Malalamiko ya kwanza yalikuja mara moja: mafundi walisema ni rahisi mno. Sakurai hakuziba masikio, lakini hakuufanya mchezo kuwa mgumu. Kwenye Kirby's Adventure, iliyotoka Japani 1993 kwa konsole ya nyumbani, aliongeza kitu kipya: Kirby akimeza adui, anachukua uwezo wake. Ukimeza mwenye upanga, una upanga. Ukimeza wa moto, unatema moto. Uwezo wenyewe ulikuwa zaidi ya 20.

Fikirini akili iliyo pale. Mgeni bado anaweza kupaa juu ya vichwa vya maadui wote na kufika mwisho. Fundi naye anapata vyombo vya kuchezea: anachagua uwezo, anaunganisha mbinu, anajitafutia ugumu wake mwenyewe. Ugumu haukuwekwa njiani kama ukuta, uliwekwa mkononi mwa mchezaji. Leo ukimuuliza mtu yeyote Kirby ni nani, atakuambia ni yule anayemeza na kunakili. Kumbe hiyo ilizaliwa kutokana na manung'uniko ya wapenzi. Manung'uniko mengine yanaleta mvua.

Kirby Super Star ya 1996 ikaenda mbali zaidi: michezo mifupi mingi ndani ya kasete moja, rafiki anaweza kuingia kucheza nawe wakati wowote, na kuko uwanja wa kupigana na mabosi wote mfululizo, ukianguka unaanza upya. Wapenzi wengi wa zamani hadi sasa wanaiita kilele.

Lakini ndani ya HAL kulikuwa na mkono mwingine pia. Kirby's Dream Land 2 ya 1995, Dream Land 3 ya 1997 na Kirby 64 ya 2000 ziliongozwa na Shinichi Shimomura. Hizo zinatembea polepole, zile mbili za kwanza zina wanyama marafiki wa kubeba Kirby, na rangi za Dream Land 3 ni kama kitabu cha mtoto kilichochorwa kwa kalamu. Halafu ukikusanya vyote vinavyotakiwa, bosi wa kweli anakungoja nyuma ya pazia: jicho moja kubwa linaloelea, linaloitwa Zero, ambalo linakurushia kitu chekundu kama damu. Kwenye mchezo wa watoto! Hapo njo wapenzi walianza kugawanyika: hawa wa Sakurai, wale wa Shimomura. Mpaka leo ukiwakutanisha hawalali.

Uso wa hasira

Haya ya wapenzi haikutoka mioyoni mwao peke yake. Ilichorwa pia kwenye sanduku. Kasete za kwanza za Marekani zilimwonyesha Kirby mweupe, juu Game Boy haikuwa na rangi, na kule hawakujua kwamba Sakurai alimwona wa waridi. Baadaye ikaja desturi nyingine. Sanduku la Japani: Kirby anatabasamu. Sanduku la Marekani, mchezo ule ule: nyusi zimeinama, amekasirika. Wauzaji wa kule walifikiri kijana wa Marekani hatanunua kitu kinachotabasamu. Wapenzi wenyewe wakafanya mzaha, wakamwita Kirby mwenye hasira.

Mimi ninaona mle somo kubwa. Ukimwambia mtu kwa miaka mingi kwamba kitu anachokipenda kinahitaji kuvikwa uso mkali ili kikubalike, atajifunza kukiombea msamaha. Atakuambia: ndiyo, nachezaka Kirby, lakini mabosi wake ni hatari, hadithi yake ina giza, muziki wake ni wa kina. Yote ni kweli. Hata muziki: 2022 bendi ya Marekani, The 8-Bit Big Band, ilipata Grammy kwa kupanga upya wimbo mmoja wa Super Star. Lakini sikilizeni vizuri: yule mtu anajitetea. Hakuna aliyemshtaki.

Mwanzilishi anaondoka

Mwaka 2003 Sakurai aliacha HAL. Alieleza waziwazi kwamba alichoka na desturi ya kuona kila mchezo ukitoka, watu wanahesabu tayari kwamba unaofuata utakuja. Kazi yake ya mwisho ya Kirby pale ilikuwa Kirby Air Ride ya mwaka ule ule, mchezo wa mbio unaochezwa karibu na kitufe kimoja tu. Wahakiki wengi waliupokea kwa baridi: mwepesi mno, mtupu. Wale waliokuwa watoto wakati ule walikua nao moyoni, wakauombea urudi kwa miaka zaidi ya 20. Kirby Air Riders ilitoka mwezi wa 11, 2025, na Sakurai mwenyewe njo aliyeuongoza. Hukumu ya siku ya kwanza na hukumu ya miaka 20 si lazima zifanane.

Baada ya kuondoka kwake, nyumba ilitikisika. Kwenye konsole ndogo za mkononi Kirby aliendelea, michezo mingine ikifanywa na sosiete nyingine. Lakini mchezo mkubwa wa kawaida kwenye konsole ya nyumbani, kutoka kwa HAL wenyewe, haukuonekana kati ya 2000 na 2011. Haikuwa uvivu. Iwata na watu wa HAL walisimulia baadaye kwamba walianza mara tatu na kuacha mara tatu. Wa kwanza ulikuwa wa kucheza watu wanne. Wa pili ulijaribu kuingia katika ulimwengu wa pande tatu. Wa tatu ulikuwa kama kitabu cha picha zinazosimama unapofungua ukurasa. Yote mitatu ilitupwa. Sisi tunaojua uchungu wa kuandika memware na kuambiwa anza upya, tunaweza kuelewa ile miaka 11.

Katikati ya ukame ule, 2010, ilikuja Kirby's Epic Yarn, iliyotengenezwa na Good-Feel. Mle kila kitu ni uzi na kitambaa, na Kirby hawezi kumeza, hawezi hata kufa. Ukikosea, unapoteza tu vipande ulivyookota. Kwa asili haukuwa mchezo wa Kirby. Shujaa alikuwa mwingine, Prince Fluff, na Kirby aliingizwa baadaye. Wahakiki waliusifu uzuri wake. Wapenzi wa zamani walikasirika: Kirby asiyemeza ni Kirby gani? Wengine walilia kwa furaha, juu waliweza hatimaye kucheza na mama yao au mdogo wao. Mchezo huo ulipotoka tena 2019 kwenye 3DS, uliongezewa namna ya kucheza ambapo shetani mdogo anakufuata na unaweza kushindwa kabisa. Ni ule mlango wa nyuma wa 1992, umerudishwa.

Giza chini ya sukari

Kirby's Return to Dream Land ya 2011 ilifungua kipindi kipya, chini ya Shinya Kumazaki. Yeye ndiye aliyepata dawa ambayo wapenzi wakubwa walikuwa wanaitafuta: sehemu ya juu inabaki tamu, sehemu ya chini inakuwa na hadithi. Ukisimamisha mchezo katikati ya bosi, maandishi mafupi yanakueleza yule bosi ni nani na aliumizwa na nini. Mtoto hasimamishi, anapiga tu. Mkubwa anasoma, moyo unamshuka.

Kwenye Planet Robobot ya 2016, sosiete moja inakuja kugeuza nyota ya Kirby kuwa mashine, na kumaliza mali yake yote. Mkubwa wake ni baba aliyempoteza binti yake. Ile mashine kubwa aliyotaka kuitumia imemfutia kumbukumbu, hata hajui kwamba binti anafanya kazi pembeni yake. Msomaji wa Kongo, mtu wa nchi ya madini, hahitaji kufafanuliwa maana ya sosiete inayoshuka kutoka juu na kuchimba kila kitu. Sisemi kwamba Wajapani walituwaza sisi. Nasema tu kwamba mchezo wa watoto unaweza kubeba jambo zito pasipo kupiga kelele.

Halafu 2018 ilikuja Star Allies, na manung'uniko yote ya zamani yakafufuka. Wanne pamoja, kila adui anaweza kugeuzwa rafiki kwa kurushiwa moyo, na kwa nguvu ya watu wanne mabosi wanaanguka kabla hujakaa vizuri. Mfupi, mwepesi, bei ni ile ile ya michezo mikubwa. Hapo lawama ilikuwa na haki. Mwanafunzi anayeweka feza miezi mingi anunue mchezo, ukiisha siku mbili, ana ruhusa ya kuuliza. HAL iliongeza mashujaa wa zamani na sehemu ngumu mwaka ule ule, bure, na hasira ikapungua.

Miaka minne baadaye, mwezi wa 3, 2022, ilitoka Kirby and the Forgotten Land. Mwishowe ulimwengu wa pande tatu ulifunguka: miji iliyoachwa, maduka yaliyoota majani, na Kirby anameza gari zima nusu-nusu na kulivaa. Mwanzoni kabisa mchezo unakuuliza unataka njia gani, ya upepo wa masika au ya mwitu. Ya kwanza ni ya mgeni, ya pili ya aliyezoea. Ni mlango ule ule wa mbele na ule wa nyuma, sasa imewekwa pamoja barazani ili kila mtu achague pasipo haya. Mchezo huo uliuzwa zaidi ya milioni 6, ukaupita ule wa 1992 uliokuwa umeshika nafasi ya kwanza miaka 30.

Mimi nasimama wapi

Nimesoma na kucheza vya kutosha ili niseme neno langu. Naona wapenzi wa Kirby wana haki katika mambo mawili. Mchezo mfupi kwa bei kubwa ni deni. Na kurudia bosi yule yule wa mti kila mara kunaweza kuwa uvivu uliovaa nguo ya desturi.

Lakini kwenye neno la urahisi, ninawapinga. Anayesema leo kwamba Kirby ni mwepesi mno, aliingia kwa mlango gani? Wengi wao waliingia wakiwa na miaka sita au saba, wakapokelewa na ule urahisi, wakajisikia wanaweza. Sasa wamekua, wana vidole vya haraka, wanataka mlango wa mbele uzibwe, ibaki wa nyuma peke yake. Njo vile tunavyosikiaka hata kwetu: mtu anamaliza masomo yake, kiisha anasema siku zetu masomo yalikuwa masomo, hawa wa sasa wanabembelezwa. Anasahau mwalimu aliyemshika mkono kwenye darasa la kwanza.

Ugumu si kipimo cha heshima. Kuna vitu vigumu visivyo na maana, na vyepesi vilivyofikiriwa miaka na miaka. Kutengeneza njia ambayo mgeni anapita pasipo kuvunjika, na fundi anapita pasipo kuchoka, hiyo ni kazi ngumu kuliko kuweka miiba. HAL imeifanya kwa zaidi ya miaka 30, mara nyingi vizuri, mara nyingine vibaya, na mara tatu ilitupa kazi nzima kuliko kutoa isiyofaa.

Kwa hiyo ule moyo mzito wa wapenzi siuoni kama ugonjwa. Ni uchungu wa mtu anayerudi kwenye nyumba ya utoto wake na kukuta kizingiti ni kifupi. Kizingiti hakikupungua, yeye ndiye aliyerefuka. Na nyuma yake kuna mwingine mdogo anataka kuingia.

Basi ninawaachia swali, ninyi mlio na diplome na mnaozitafuta: kwenye kazi yenu, kwenye fani yenu, ule mlango wa chini mliopitia ungali wazi?